Uso Uliofutwa Marqasi

Mkate ulikuwa umeiva vizuri, lakini haukushibisha. Muwazi mwana wa Lalama alikula wote akabaki na njaa ile ile.

"Usinitazame mimi," alisema mkewe, Kupapiya. "Unga ni ule ule. Labda tumbo lako limeshazoea vya ikulu."

Muwazi hakucheka. Katika Gurgumu, ufalme wetu mdogo, mkate usioshibisha umeonjwa kwanza na marehemu. Wafu wetu hukaa ndani ya mawe yaliyochongwa nyuso zao. Naye Muwazi, kwa amri ya mfalme mpya, alikuwa amefuta uso wa bwana wa ukoo wa zamani kwenye lango la mji wetu mkuu, Marqasi. Aliufunika kwanza kwa kitambaa, kama wachongaji wafanyavyo, ili marehemu asimwone.

Mara chumba kikanuka vumbi la jiwe lililolowa. Aniya, binti yao, alikuwa ameketi wima kama mzee, mkono juu ya meza.

"Umenivunjia nyumba," alisema kwa sauti nzito ya kiume. "Hii itanitosha."

Wakamwita bibi Tuwatiya, mganga. Alimnusa mtoto shingoni, akarudi nyuma.

"Anageuka jiwe," alinong'ona. "Mchongee mzee uso wake upya, atatoka."

"Siujui, bibi. Niliufunika."

"Ewe mungu wetu Kubaba! Umejificha asikuone, kumbe wewe ndiye hukumwona!"

"Nichonge uso wowote?"

"Thubutu! Unayemchonga ndiye atakayeingia kwenye jiwe."

Vidole vya Aniya vilikuwa vimeshakakamaa. Muwazi alichukua tindo, akavuta jiwe la kazi lililokuwa pembeni, akaweka beseni la maji kando yake, akainama kuyatazama maji.

"Baba Aniya," Kupapiya aliuliza kwa hofu, "unamchonga nani?"

"Mtu mwenye nyumba ya kumwachia huyu mzee."

Akachonga paji, akachonga pua, na kila alipogonga pumzi ya mtoto ilizidi kulainika na mikono yake mwenyewe ilizidi kuwa mizito, mpaka alipomaliza jicho la pili akajiona amesimama mbele yake mwenyewe, tindo mkononi, akataka kupiga kelele lakini midomo ya jiwe haikufunguka.

"Mama!" Aniya alilia kwa sauti yake. Kupapiya akamkumbatia.

Mwili wa Muwazi uliweka tindo chini, ukaketi wima mezani.

"Mama, hili jiwe lina joto."

"Usiliguse, mwanangu," mwili ule ulisema kwa upole. "Tutaligeuzia ukutani."