Meli Ilirudi Kemondo Bila Yeye

Utanyoaje nywele kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyeiona maiti yake? Swali hilo liliniondolea usingizi kwa miezi, ndugu wasomaji. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza chuo kikuu juzi tu, nafundisha sekondari huko Muleba.

Mchumba wangu, Deo wa Kaagya, alikuwa fundi wa mitambo katika meli ndogo ya mizigo. Walipakia kahawa na ndizi Kemondo wakapeleka Mwanza, na kabla ya vita walikuwa wakifika hadi Uganda. Pombe ya posa ilikwisha kunywewa, rubisi ya kutosha ukoo mzima. Kwa desturi ya kwetu nilikuwa mke wake tayari. Lilibaki kanisa tu.

Ndipo vita vikaja. Askari wa nduli wa Uganda walivuka mpaka, na baada ya muda mfupi tukasikia meli imetekwa ziwani pamoja na mabaharia wote. Wavuvi waliiona ikielekea kaskazini, nyuma yake boti yenye bunduki. Baada ya hapo, kimya…

Je, walimuua? Walimtupa majini? Au walimwacha hai kwa kuwa bila fundi meli haiendi? Nilijijengea hoja za kila upande, kama niko kwenye mdahalo, na kila hoja ilikuwa na jibu lake. Sikulia. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Kumbe nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Miezi ikapita, ukoo wake ukaamua kumaliza matanga. Kwao, mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba badala yake, kisha wafiwa hunyolewa. Mjane akishanyoa yuko huru. Asiponyoa anabaki mke wa marehemu, na hakuna mwanamume wa kule atakayethubutu kumposa.

Walichimba kaburi kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, wakalaza humo mgomba uliofungwa shuka. Shangazi yake akanijia na wembe.

"Shangazi, siwezi," nikamwambia. "Kama yu hai je?"

"Waitu, wewe na masomo yako. Kuna mtu hai asiyekumbuka kwao?"

Nikarudi Muleba na nywele zangu.

Majeshi yetu yalipoingia Uganda yaliikuta ile meli kwenye bandari moja ya huko, yakaitwaa tena na kuirudisha. Nilimpitia Mama Deo, tukaenda Kemondo pamoja. Mabaharia walishuka wamekonda, mmoja mmoja. Deo hakuwemo.

Kaijage, mpishi wa meli, alitaka kutupita kama hajatuona. Mama alimkamata shati.

"Kaijage mwanangu, usinifiche. Alifia wapi?"

"Hakufa, mama."

Akatueleza huku anatazama chini. Adui aliwashurutisha kubeba askari na mali za wizi. Deo peke yake aliruhusiwa kulala mjini, kwa sababu huko alikuwa na mke na watoto wawili, tangu safari za kabla ya vita. Wenzake walijua… wote walijua. Siku meli ilipokombolewa, Deo alikuja gatini. Wanajeshi wetu walidhani ni mwenyeji. Aliwasaidia kuwasha injini, kisha akashuka. Kaijage alimsihi apande.

"Waambie nyumbani nilizama," akamjibu.

Nilingoja Mama aangue kilio. Hakulia. Alijifunga kanga yake vizuri, akasema, "Mwanangu nimemzika. Huyo wa ng'ambo simjui." Kisha akanitazama kichwani. "Wewe ndiye bado."

Njia nzima ya kurudi Kaagya nilifungua tena mdahalo wangu. Nikinyoa, si nitakuwa namdanganya Mungu? Labda amelazimishwa? Labda vita vikiisha atakuja? Nikaona ninaweza kuzeeka nikiokota labda.

Dada zangu mnaosoma haya, kabla pombe ya posa haijanywewa, waulizeni watu anaosafiri nao huyo mchumba. Na msifanye kosa langu la kudhani kwamba kufikiri sana ndio uaminifu. Meli iliyotekwa hukombolewa kwa bunduki. Mtu aliyeshuka kwa miguu yake mwenyewe, utamkomboa na nini?

Tulipofika nyumbani niliketi kwenye nyasi mlangoni pa Mama, nikamwomba aninyoe yeye mwenyewe. Alininyoa taratibu. Upepo wa ziwa ulikuwa baridi kichwani… ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini tangu vita vianze.

Jumatatu niliingia darasani na kichwa kitupu. Wanafunzi wakasimama, kiranja akasema, "Pole kwa msiba, Mwalimu."

Nikasema ahsante. Nikawaambia wakae, tukaanza somo.