Hasifa na Chuma Kinachochanua

Hasifa alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani zake mbili zilikaa barazani, mjini Busia, upande wa Uganda. Kutwa nzima barabara ilijaa malori, baiskeli na watu wenye mizigo, wakienda na kurudi mpakani. Mume wake Nasifu alikuwa dereva. Walikuwa na gari la zamani, jeupe, lenye mlango mpana wa nyuma. Kwa gari hilo walipeleka sare hadi Masinya, Lunyo na Lumino. Kila shule ilikuwa na rangi yake, na Hasifa hakuwahi kuzichanganya.

Nasifu alikuwa mtu wa mikono. Kiti kikivunjika, alikitengeneza. Paa likivuja, alipanda juu. Kitu kimoja tu kilimpungukia, nacho ni subira. Kwake yeye kila kazi ilianza na nyundo.

Mwezi wa nne mvua zilipoanza, gari nalo lilianza kunguruma. Bomba la moshi lilikuwa limekatika. Ni lile bomba refu linalopita chini ya gari, kutoka kwenye injini hadi nyuma. Nasifu alinunua kipande kipya cha kuunganisha upande wa nyuma. Lakini kipande hicho kilikuwa na upana uleule wa bomba la zamani. Mabomba mawili yaliyo sawa hayaingiliani.

"Hii ni kazi ndogo," Nasifu alisema. "Nitapanua mdomo wake."

Akaingiza patasi ndani ya bomba la zamani, akagonga kwa nyundo. Mdomo ulipanuka upande mmoja, kisha ukapasuka. Akakilazimisha kipande kipya humo hivyohivyo, akauzungushia mdomo bati, akakaza kwa waya.

"Baba Swabur, hiyo itakaa kweli?" Hasifa aliuliza.

"Itakaa. Kelele imepungua, si unasikia?"

Kweli, kelele ilikuwa imepungua. Lakini tangu siku ile, kila safari Hasifa aliumwa kichwa. Akishuka na kukaa barazani, kichwa kilipoa. Akipanda tena, kiliuma tena.

"Ni njaa hiyo," Nasifu alimwambia. "Kunywa chai kabla ya safari."

Alikunywa chai. Kichwa kiliuma vilevile.

Alhamisi moja walitoka Lumino baada ya kupeleka sare. Swabur, mtoto wao wa miaka minne, alikuwa amekaa nyuma. Kando yake palikuwa na kikapu chenye kuku watatu, zawadi ya mwalimu mkuu. Mvua kubwa ilianza kunyesha. Wakafunga vioo vyote.

Mwanzo Swabur alikuwa akiongea na kuku. Kisha akanyamaza. Hasifa alidhani amelala. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kizito kama gunia la mchele lililolowa.

"Simamisha," alisema. "Nataka kutapika."

Nasifu alisimama kando ya barabara. Hasifa alishuka kwenye mvua, akafungua mlango wa nyuma. Kuku wote watatu walikuwa wamekufa. Hawakuwa na jeraha. Shingo zao zilikuwa zimelegea tu.

Akamshika mtoto bega. "Swabur! Swabur, amka!"

Mtoto alifungua macho nusu, akayafumba. Mikono yake ilikuwa laini kama kitambaa. Hasifa alimbeba, akatoka naye nje kwenye upepo. Nasifu alikuja mbio, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita. Kituo cha afya hakikuwa mbali.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Winfred. Alimsikiliza Hasifa kwa makini. Aliposikia habari ya kuku, hakungoja. Alimvalisha Swabur kifuniko usoni ili avute hewa safi kutoka kwenye mtungi. Baadaye akampa Hasifa zamu yake.

"Gari lenu linavuja moshi," alisema. "Katika moshi huo mna hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, inakaa kwenye damu mahali pa hewa safi. Mtu analala, na asipotolewa mapema, haamki."

"Sikunusa kitu," Nasifu alisema.

"Ndiyo hatari yake, baba. Unaweza kunusa moshi kidogo, au usinuse kabisa. Kichwa kikiuma ndani ya gari na kupoa nje, hiyo ndiyo dalili. Shukeni mara moja, kaeni kwenye upepo, kisha mje hospitali. Na gari hilo lisibebe mtu tena mpaka litengenezwe."

Hasifa alitazama hewa ya chumba kile. Hakuona kitu. Alistaajabu. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimekaa kiti kimoja na mtoto wake, na yeye mama yake akiwa mbele pale pale.

Jua lilipokaribia kuzama, Swabur aliomba uji. Nasifu aligeuza uso ukutani, akafuta macho.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi nyumbani, na aliyeshika usukani alifungua vioo vyote. Asubuhi Hasifa alikwenda kwa jirani yao Syprose. Syprose alizaliwa ng'ambo, upande wa Kenya, lakini alifanya kazi ya ufundi wa magari mjini Tororo. Alikuja na tochi, akalala chini kwenye mkeka, akaangaza.

"Mama Swabur, njoo uone," aliita. "Na wewe Baba Swabur."

Walilala kifudifudi wote wawili. Bati lilikuwa jeusi. Juu yake, sakafu ya gari ilikuwa na tundu la kutu, dogo kama tundu la kifungo.

"Moshi unatoka kwenye mpasuko huu," Syprose alisema. "Unapanda, unaingia kwa hilo tundu. Mkifunga vioo, unabaki na nyinyi."

"Nyundo yangu ndiyo ilileta hii," Nasifu alisema polepole.

"Nyundo inagonga upande mmoja. Bomba linataka kusukumwa pande zote kwa pamoja. Kuna chombo chake. Mafundi wanakiita ekspanda. Mimi nakiita kipanuzi. Kesho nakwenda kazini Tororo. Twendeni tukakichague."

"Kwanza tupime," Hasifa alisema. "Mimi sikati kitambaa kabla sijampima mtoto."

Syprose alicheka. "Hapo umenena, mama."

Alileta kipimo cha chuma chenye taya mbili. Alimwonyesha Hasifa namna ya kukitumia. Bomba la gari, kwa nje, lilikuwa milimita arobaini na tano. Kipande kipya, walichokichomoa, kwa ndani kilikuwa arobaini na mbili. Hasifa aliandika kwenye daftari lake la vipimo vya sare, chini ya kifua na kiuno cha watoto wa Masinya.

Kesho yake walikuwa Tororo, katika duka la vifaa la Bwana Lenox. Juu ya paa za mji, mwamba mkubwa wa Tororo ulikuwa umejifunika wingu. Lenox aliweka vipanuzi vitatu juu ya meza.

Nasifu alikirukia kikubwa kuliko vyote. "Hii! Hii ina nguvu!"

"Soma namba," Syprose alimwambia.

Hasifa alisoma. "Hamsini na moja hadi themanini."

"Maana yake, kikiwa kimefungwa kabisa ni hamsini na moja. Mdomo wetu ni arobaini na mbili. Kitaingia?"

Nasifu alikirudisha mezani.

Cha pili kiliandikwa thelathini na nane hadi sitini na tatu. "Hiki kinaingia arobaini na mbili," Hasifa alisema, "na kinafika arobaini na tano na zaidi." Lakini Syprose alikitikisa, na vipande vyake vikacheza na kulia. Akageuza nati kwa vidole. Ikakwama njiani.

"Namba ni nzuri, mwili ni mbaya," alisema. "Nyuzi za bolti zimelika. Ukikaza, zitakatika."

Cha tatu kilikuwa na namba zilezile. Hakikulia. Nati yake iliteleza vizuri hadi mwisho. Syprose alimpa Hasifa kipanuzi hicho pamoja na spana.

"Zungusha nati, mama. Tazama."

Kilikuwa chuma cha mviringo, kimegawanywa vipande vinane vilivyobanana kama tumba la ua. Katikati palikuwa na chuma chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, na bolti ilipita ndani yake. Hasifa alizungusha. Kile chuma cha kati kikavutwa ndani. Vile vipande vinane vikaanza kuachana, vyote kwa pamoja, taratibu, bila kimoja kumtangulia mwenzake. Chuma kilichanua mkononi mwake.

"Subhanallah," alinong'ona.

Akarudisha nati nyuma. Kikajifunga. Akazungusha tena. Kikachanua tena. Watu wawili waliokuwa wakinunua misumari waliacha, wakasogea kutazama. Hata Lenox, aliyeviuza kila siku, alitabasamu.

"Mkono wa mwanamke mmoja," Hasifa alisema, "na chuma kinafunguka hivi?"

"Ni ile mizunguko, mama," Syprose alisema. "Kila mzunguko unaongeza kidogo sana. Kidogo hicho ndicho kina nguvu."

Walikinunua kile cha tatu. Jumapili Syprose hakwenda kazini. Gari lilikuwa limelala bila kuwashwa, bomba lake limepoa. Lilikuwa limeegeshwa uwanjani, mahali pa wazi. Nasifu aliliinua kwa jeki, kisha akaanza kuingia chini.

"Toka!" Syprose alimkemea. "Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Weka stendi mbili, zuia magurudumu kwa mawe. Halafu vaeni glavu na miwani ya kazi."

Walikata sehemu yote iliyopasuka na yenye kutu, mpaka wakafikia chuma kizima. Syprose aligonga bomba kwa kidole, akasikiliza.

"Bomba lililooza hutalipanua. Litapasuka tu. Panua kipande kipya, kile kizima." Akakibana kwenye vaisi ya Nasifu kisitikisike. Akasugua mdomo kwa tupa mpaka makali yakaisha. Akapaka grisi kwenye bolti na kwenye chuma cha kati. Akaingiza kipanuzi hadi vidole vitatu ndani.

"Nani anazungusha?"

Nasifu alinyoosha mkono. Kisha akaurudisha. "Mpe Mama Swabur," alisema. "Mimi nina haraka."

Hasifa alishika spana. Alizungusha robo, kisha robo nyingine. Spana ikawa nzito.

"Simama hapo. Legeza nati. Sasa geuza kipanuzi kidogo, ili vipande visikae palepale. Kaza tena."

"Kwa nini nigeuze?"

"Kati ya kipande na kipande kuna mwanya. Usipogeuza, bomba litakuwa na pembe. Moshi utapita kwenye pembe hizo."

Hasifa alielewa mara moja. Ni kama kuvuta kitambaa cha mkono wa shati kwenye bega: ukivuta pahala pamoja, kinakunjamana. Alikaza, akalegeza, akageuza. Akakaza, akalegeza, akageuza. Nasifu alikuwa ameinama karibu, mdomo wazi. Chuma kama kile kilichompasukia yeye kilikuwa kikitanuka mbele ya macho yake, bila kelele, bila ufa.

"Hakuna hata moto," alisema. "Hakuna nyundo."

"Pima," Syprose alisema.

Arobaini na tatu na nusu. Wakaendelea. Arobaini na nne na nusu. Wakaendelea kwa robo za robo. Arobaini na tano na kidogo.

"Basi! Ukizidisha hapo, litalegea. Huwezi kulirudisha."

Hasifa alilegeza nati. Kipanuzi kilikwama kidogo. Syprose aligonga kichwa cha bolti mara moja, polepole, kikaachia. Mdomo wa bomba ulikuwa mviringo kamili, kama bangili.

Nasifu alikichukua kipande kile, akaingia chini ya gari lililokaa kwenye stendi. Akakisukuma juu ya bomba la zamani. Kiliingia kwa kunata. Hasifa alisikia pumzi yake tu.

"Limeingia, Baba Swabur?"

"Limeingia," alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mashallah. Limeingia kama kidole kwa pete."

Walifunga klampu, mkanda wa chuma wa kubania kiungo, wakaukaza. Nasifu aliziba tundu la sakafuni kwa kipande cha bati na dawa ya kuzibia. Ilipokauka, Swabur alipelekwa kwa jirani, kisha gari likawashwa pale pale uwanjani.

"Msiwashe gari ndani ya chumba kilichofungwa hata siku moja," Syprose alisema. Kabla bomba halijapata moto, alipaka povu la sabuni kwenye kiungo. Wote watatu walichungulia kutoka pembeni. Povu likitokota, moshi unavuja. Walingoja. Povu lilikaa kimya, jeupe, mpaka likakauka.

Wiki iliyofuata walikwenda Lunyo. Mvua ilinyesha tena. Njia nzima Swabur aliuliza maswali. Kwa nini ng'ombe wananyeshewa? Mawingu yanakwenda wapi? Hasifa alijibu yote. Kichwa chake kilikuwa chepesi, na alimsikia Swabur bila mtoto kupandisha sauti kuishinda injini.

Habari zilienea mtaani. Siku moja Mzee Edeku, mwenye pikapu ya kubebea mihogo, aliingia uwanjani. Ngurumo ya pikapu ilitikisa vikombe mezani. Alishuka, nyundo mkononi.

"Nasifu, nasikia unatengeneza bomba. Nimeleta nyundo."

"Weka chini, mzee," Nasifu alisema. "Zima gari ipoe. Mama Swabur, leta daftari. Tunapima kwanza."

Kazi iliwachukua asubuhi yote. Edeku alisimama kando, akitazama chuma kikifunguka na bomba likikifuata. Povu la sabuni lilipokwisha kukaa kimya, Nasifu alimwonyesha kiti cha dereva.

Edeku alipanda, akageuza ufunguo. Akangoja. Akageuza shingo, akatazama nyuma. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Mbona haiwaki?"

"Imewaka, mzee," Nasifu alisema. "Sikiliza."

Mzee Edeku akasikiliza.