Sigara za Mkebeni

Kila alasiri baada ya shule, Sifa alimsaidia mama yake kuuza karanga, sabuni na sigara kwenye meza yao karibu na stesheni ya Kindu. Pakiti mpya za sigara zilikuwa na picha ya pafu la mtu, jeusi kama mkaa uliolowa.

Wateja hawakuipokea picha hiyo kwa namna moja. Karani Roger, aliyezoea kununua pakiti nzima, alisonya. "Mutoto, hii iko mubaya! Nipe ingine." Alipopewa nyingine yenye pafu lilelile, alihamishia sigara kwenye kikasha chake cha chuma, akaitupa pakiti. Wapagazi walinunua moja moja. Siku moja mmoja wao aliona picha mezani, akarudisha sigara, akaenda zake, na wenzake wakamfuata.

Sifa aliingiwa na hofu, kwani ada yake ya shule ilitoka mezani hapo. Kesho yake alizimimina sigara zote za kuuza moja moja katika mkebe mtupu wa maziwa, pakiti zake akazichoma. Wapagazi wakarudi.

Aliyerudi mara nyingi zaidi alikuwa mpagazi Onema, mjomba wake. Alianza kuvuta wakati wa vita, alipojificha msituni upande wa Kailo.

"Njaa ilikuwa inauma, moshi inaibembeleza," alizoea kusema huku akikohoa. "Vita iliisha, moshi ikabakia."

Mvua zilipoanza, Onema alikohoa damu juu ya gunia la mchele. Hospitalini, Sifa akiwa kando ya kitanda, muuguzi Hélène alimwonyesha Onema pakiti yenye lile pafu jeusi.

"Baba, picha hii hukuiona?"

"Wapi? Mimi nanunua moja moja, mkebeni."

"Mujomba, ni mimi nilizichoma pakiti," Sifa akasema akilia. "Niliogopa mutakimbia."

Onema alivuta pumzi, kifua kikikwaruza kama mlango mbovu. "Labda ningeiona na ningevuta tu. Roger anaiona kila siku. Lakini ningevuta nikijua, mutoto wangu. Ile kujua njo kitu ulininyima."

Onema aliacha kuvuta, lakini pafu lake moja lilikuwa limekwisha kuharibika. Hawezi tena kubeba mizigo. Mama naye hauzi tena sigara. Ada inachelewa, ila inalipwa. Mkebe sasa una karanga, na Onema ndiye anayezipima, Sifa kando yake.

Wapagazi wakiuliza sigara ziko wapi, huwajibu polepole, akimtazama Sifa bila hasira: "Ukifunga watu macho sokoni, ujue ndugu yako yumo."

Kisha hukohoa, nao humngoja kwa adabu mpaka amalize.