Kinu Kilichotikisa Matinyani

Kila Jumamosi, Kasiva na binamu yake Mbithe walitwanga mahindi kuyatoa maganda, wakapata muthokoi ambao shangazi yao aliuza sokoni Matinyani. Uani kwa shangazi palikuwa na mchanga mtupu, kinu kilizama. Kwa hiyo walikibingirisha hadi shule ya jirani, wakakisimamisha kwenye veranda ya stoo kuukuu, juu ya sakafu ya saruji. Hapo walipokezana mchi huku wakiimba nyimbo za kanisani.

Sasa, ndani ya stoo hiyo palikuwa na mtambo. Bi Hodan, mtaalamu wa miamba, aliuweka upime mitetemeko ya ardhi, kwa sababu ufa mrefu ulikuwa umetokea nyuma ya nyumba ya Susu Mbula, bibi kizee aliyeishi karibu na shule. Kasiva ndiye aliyechaguliwa kuulinda. Aliapa mbele ya darasa kwamba hata kuku hatapita pale. Kumbe kuku alikuwa yeye mwenyewe! Alidhani mtambo husikiliza mambo makubwa ya chini ya ardhi, si mchi wa msichana.

Bi Hodan aliporudi kuuangalia, alikuja darasani na Mwalimu Kilonzo.

"Ufa peke yake hautuambii mengi," Bi Hodan alisema. "Unaweza kuletwa na maji ya mvua. Lakini miamba ya chini ikisukumana, ufa na mitetemeko huenda pamoja. Na hapa mitetemeko iko, tena mingi. Mtambo wetu mwingine, ulio kule kijiji cha Tulia, umeharibika, kwa hivyo nategemea huu tu. Kasiva, kuna mtu amekaribia stoo?"

Kasiva alisimama. Wenzake wote walikuwa wakimtazama kwa heshima.

"Hapana, madam," alijibu.

Wiki iliyofuata, akitoka shuleni, alimkuta Susu Mbula akifunga vyombo kwenye magunia. Zizi la mbuzi lilikuwa tupu.

"Susu, unaenda wapi?"

"Sultan Hamud kwa binti yangu. Nimeambiwa nihame, ati ardhi inatikisika. Mbuzi nimeuza, huko hakuna malisho. Mimi sijasikia kitu, lakini mtambo unaweza kudanganya kweli?" Aligeuka akatazama kaburi la mumewe. "Huyu ndiye sijui namwachia nani."

Kasiva aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Hakuweza hata kumuaga. Alirudi shuleni mbio, akawakuta Bi Hodan na mwalimu penye stoo.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa natwanga muthokoi hapa veranda, kila Saturday. Nilidanganya."

Bi Hodan alifungua kompyuta yake, akatazama, akashika kichwa. "Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi! Hata mimi nilifaa kujiuliza ni ardhi gani hii yenye ratiba." Hakucheka. "Susu asihame kwanza. Tutapima upya."

Mtambo ulihamishiwa mbali na watu, na ule wa Tulia ukatengenezwa. Ardhi ilikaa kimya. Wataalamu walichimba penye ufa wakakuta maji ya mvua yamekula udongo wa chini. Wanakijiji waliujaza mawe na kuchimba mtaro wa kuyageuza maji, na Susu Mbula akafungua magunia yake.

Mwalimu Kilonzo alimpeleka Kasiva kuomba msamaha. Msichana alipiga magoti, macho chini.

"Nimekusamehe, mwanangu," Susu alisema taratibu. "Lakini mbuzi wangu walishachinjwa."

Kasiva alilia njia nzima. Mwalimu alimwacha alie, kisha akasema, "Kutwanga pale lilikuwa kosa la mtoto. Ungesema siku ile, tungecheka yakaisha. Njia ya mwongo ni fupi, Kasiva, lakini mara nyingine anayefikishwa mwisho wake ni mtu mwingine. Kinu hakikumdhuru Susu. Mbuzi wake waliuzwa na lile neno lako moja, 'hapana'."