Siku Kompyuta Pepe Ilipogoma

Kila Jumamosi Rahma alifika shuleni kabla ya wenzake wa klabu ya kompyuta, akachukua ufunguo kwa mlinzi na kufagia chumba cha kompyuta. Alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya Kibaha, na kama kuna jambo lililomfanya atembee kichwa juu, ni klabu hiyo.

Kompyuta zao zilikuwa kuukuu na zilitumia Linux, mfumo usiolipiwa. Programu yao ya masomo ya sayansi haikuukubali mfumo huo. Basi wanaklabu wakaamua kuwa na kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayofanya kazi ndani ya ile halisi, ili programu ipate pa kukaa. Hawakutaka kitu cha kutengenezewa. Walichukua msimbo, yale maandishi yanayounda programu, wakaijenga wenyewe. Ijumaa jioni ikawaka na kwenda mbio, wakashangilia mpaka walimu wakatoka ofisini kuchungulia.

Leo mchana walitarajia wageni, Mwalimu Margareth na wanafunzi wake kutoka Kisarawe. Shule yao ilikuwa na kompyuta za aina hiyohiyo, zimefunikwa vitambaa tu kwa kukosa wa kuwaonyesha. Wakiiona inafanya kazi, wangeondoka na nakala na kuanza kusoma. Wasipoiona, vitambaa vingebaki palepale.

Rahma akawasha mashine, akaandika amri. Kompyuta pepe haikuja. Yalitokea maandishi machache ya Kiingereza, neno la mwisho likisema imeshindikana. Akarudia, yakaja yaleyale.

Sada, mwanaklabu aliyefunga chumba jana, alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Sada, jana uligusa nini?"

"Nilizima swichi ya ukutani tu, kama siku zote."

Ndiyo iliyokuwa sheria ya klabu tangu radi ilipounguza mashine moja wakati wa masika: jioni umeme ukatwe ukutani.

"Basi umeshaiharibu. Usiiguse tena hii mashine."

Sada alikwenda kukaa karibu na dirisha, na uso wake ulionyesha kwamba ameumia.

Mwalimu Fabian, mlezi wa klabu, alipita mlangoni. Wakamwamkia, akaitikia marahaba.

"Kuna hitilafu, eti? Umeusoma ujumbe wake wote?"

"Nimeusoma, mwalimu," Rahma alijibu, kumbe alichosoma ni lile neno la mwisho tu.

Mwalimu akaenda zake. Rahma akaifuta kompyuta pepe na kuanza kuijenga upya toka mwanzo. Mashine ikavuma, maandishi yakapita kwenye kioo kama mvua, wenzake wakanywa chai wakarudi, yeye yupo tu. Kazi ilipokwisha akaandika amri. Imeshindikana. Machozi yakamlengalenga, maana jua lilikuwa limeshapanda na wageni wako njiani.

Mwalimu Fabian aliporudi alimkuta ameinama.

"Ujumbe unasemaje?"

Rahma akainua uso. "Mwalimu, nilikudanganya. Sikuusoma."

Mwalimu hakumgombeza. Alivuta kiti. "Usome sasa, kwa sauti."

Akausoma neno kwa neno. Kompyuta pepe haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa inaomba msaada wa kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, na haiupati. Akafungua kumbukumbu za mfumo, akakuta sababu: msaada umefungwa kwenye mipangilio ya kuwashia mashine.

"Lakini jana tuliufungua," alisema. "Nani kaufunga tena?"

Wote wakamtazama Sada. Rahma akatazama saa iliyo pembeni mwa kioo. Ilionyesha mwaka ambao yeye alikuwa bado ananyonya. Siku zote waliicheka ile saa, ila leo hakucheka.

"Mwalimu, umeme ukikatwa ukutani, nini kinaikumbusha mashine tarehe na mipangilio?"

"Kuna betri ndogo ndani, ya duara kama kifungo cha koti."

"Basi imekufa. Kila tukizima, inasahau yote."

Akainuka mpaka dirishani. "Sada, nisamehe. Wewe ulifuata sheria, mimi nikakuonea mbele za watu."

"Yameisha," Sada alisema, akifuta uso. "Fundi saa wa pale Maili Moja anazo hizo betri. Naenda mimi."

Betri ikaja, ikafungwa. Wakarekebisha tarehe, wakaufungua ule msaada, kisha Sada mwenyewe akazima swichi ya ukutani na kuiwasha tena. Safari hii mashine ilikumbuka. Wageni walipoingia, kompyuta pepe ilikuwa inachapa kazi, na ndani ya programu ya sayansi moyo wa binadamu ukidunda kwenye kioo.

Mwanafunzi mmoja wa Kisarawe akauliza walivyofanikiwa. Rahma akaeleza yote, pamoja na uongo wake na lawama alizomtupia Sada. Mwalimu Margareth akaitikia kwa kichwa.

"Leo najivunia klabu hii," Mwalimu Fabian aliwaambia. "Asubuhi Rahma alifanya kazi ngumu sana, na haikumsaidia kitu, kwa sababu aliianza kwa kumlaumu mwenzake na kuficha asichokijua. Aliposema kweli, tatizo lilikwisha hata wali wa mchana haujaiva. Nanyi huko Kisarawe mashine zitawagomea. Zikigoma, someni kwanza zinachosema. Na usichokisoma, sema hukukisoma. Hapo ndipo mwenzako anapoweza kukusaidia."

Rahma na Sada wakawakabidhi wageni diski yenye nakala ya kompyuta pepe. Mikono yao ilikuwa juu yake, na wote wawili walisimama kichwa juu.