Rimu Alizozikataa Verediana

Siku ya soko Kasulu, Verediana alikuwa amepiga magoti katikati ya tairi za mtumba mbele ya duka lake, kitenge cha njano kimekazwa kiunoni, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mwakeye, dada," ikamsalimu kwa Kiha. "Nataka zile pana."

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli imetobolewa na cheche za kuchomelea, anaonyesha rimu nne zinazong'aa kuliko zote.

"Za gari gani?"

"Nalitengeneza mwenyewe, Kibondo. La michezo, viti viwili."

"Cha pili cha nani?"

Kijana, Kasian jina lake, alicheka, akajikuna shingo.

"Siuzi rimu kwa gari nisilolijua," Verediana akasema. "Nitakuja kupima."

Jumapili akaja kweli, katoka misa, gauni la bluu, viatu mkononi. Alilala chali kwenye turubai chini ya gari jekundu, akapima kutoka habu, pale rimu inapofungwa, hadi shokapu, kisha kutoka habu hadi ukingo wa madigadi. Kasian alishika tochi, akimwangalia yeye.

"Mulika huku, fundi. Usoni kwangu hakuna nati."

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi la msasa. Vere, nitumie zile pana. Nataka zichomoze, nikipita mjini watu wageuke."

"Wageuke wakuangalie wewe au gari?"

"Vyote!"

Wiki iliyofuata basi lilishusha mzigo wake Kibondo. Kasian akafungua. Rimu zilikuwa nyembamba, za rangi ya kijivu. Akapiga simu papo hapo.

"Vere, hizi siyo!"

"Zile zinatoka nje mno, Kasian. Sehemu ya kufungia nati imekaa ndani sana. Ukikata kona gari likabonyea, madigadi yatachana tairi."

"Gari ni langu! Zile umemuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu..."

"Sema tu umepata mwenye hela kuliko mimi."

Verediana akakata simu.

Kasian hakutulia. Alianza kuchomelea geti, akaliacha. Akaosha gari ambalo halikuwa chafu. Mwishowe akaazima rimu pana kwa fundi mwingine, akafunga, akatoka nazo barabarani. Kona ya kwanza gari lilibonyea. Harufu ya mpira ulioungua, kisha mlipuko. Stelingi ikamponyoka, gari likaingia shamba la mihogo.

Hakuumia. Alikaa juu ya tuta, akiangalia tairi lililochanwa na ukingo wa madigadi, kama alivyoambiwa. Akampigia Verediana simu mara tisa. Haikupokelewa.

Alinyoosha bati siku mbili, akafunga rimu za kijivu. Akazungusha stelingi mpaka mwisho, kushoto na kulia: ndani hazikugusa shokapu, nje hazikugusa madigadi. Asubuhi akashika njia ya Kasulu.

Verediana alisikia muungurumo kabla hajaliona gari. Naye siku hizo alikuwa akishika simu na kuiweka chini, akiwajibu wateja kwa mkato. Kasian alishuka, akaziona rimu pana zimening'inia ukutani.

"Bado zipo?"

"Wawili wamezitaka nikawanyima. Nilikuwa nakungoja uje uniulize vizuri."

"Nilikufokea, Vere. Nisamehe. Nimetumbukia kwenye mihogo, nikajua ulikuwa unanilinda."

Machozi yakamjaa Verediana. "Umeumia?"

"Hapana."

"Ungekufa, mjinga wewe! Halafu mimi nibaki na nani?"

Watu waligeuka kweli. Kasian hakuwaona.

"Nataka kuja kwenu," akasema. "Kwa wazee. Kuposa."

Verediana alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Siku nyingine nikikukatalia kitu, utauliza kwanza au utapiga kelele?"

"Nitauliza."

"Baba yuko Buhigwe."

"Nije lini?"

"Leo. Na mimi pia nimechoka kungoja."

Alifunga duka saa nne asubuhi, wateja wakilalamika, akaingia garini akiwa bado na mikono ya masizi.