Kila Chiriku Akianza Kusema

Katika nyumba ya fundi cherehani kila kitu kilivaa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Jagi la maji lilikuwa na kofia. Kompyuta ya zamani, iliyokaa kwenye kona ya sebule, ilishonewa koti zito la kitambaa cha pazia, lililoacha wazi kioo na kamera tu. Koti hilo halikuvuliwa hata kompyuta ikiwa imewashwa. Fundi cherehani alilichukia vumbi kama mwizi.

Mume wake alikuwa mpaka rangi. Alirudi jioni na madoa meupe kwenye nyusi, na watoto wa mtaa wakamwita Mzee Chokaa. Hakukasirika. Alisema ni afadhali Chokaa kuliko Mkaa.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alizaliwa kiziwi. Tangu utotoni alizungumza kwa mikono, na mikono hiyo haikutulia hata wakati wa kula. Ndiyo maana wakampa jina la utani, Chiriku. Sasa alikuwa mtu mzima. Alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja, kwenye mji wa mbali.

Mwingine angepiga simu nyumbani, asikie sauti, aridhike. Chiriku alihitaji kuiona mikono ya wazazi wake. Simu zao zilikuwa za vitufe, hazina kamera. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri waliketi mbele ya kompyuta. Walifungua kivinjari, yaani ile programu ya kuingilia kwenye mtandao, wakaonana na mtoto wao.

Kisha kivinjari kikaanza kujifunga chenyewe.

Ilikuwa hivi. Walisalimiana kama watu waliolelewa vizuri. Habari za huko, za kazi, za afya, za mwenye nyumba, za jirani mwenye mguu mbaya, mpaka za paka. Salamu zikiisha, Chiriku aliinua mikono aanze neno lake. Hapo picha iliganda. Mikono ya Chiriku ilibaki hewani. Halafu kivinjari kilijifunga, na uso wake ukapotea.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Na nyingine. Mzee Chokaa alibonyeza kila kilichobonyezeka. Aliwasha na kuzima. Alipiga kofi ubavuni mwa kompyuta, kana kwamba kompyuta ni punda. Wapi!

Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama.

"Mwambie Baba, kama hataki kunisikiliza, aseme. Asinifungie mlango usoni."

Mama aliusoma mara mbili. Alijua neno hili limetoka wapi. Si muda mrefu nyuma, baba na binti waligombana. Baba alitaka Chiriku aache kazi arudi nyumbani. Chiriku alikataa. Sasa aliamini baba yake anamzima.

Mama akajibu: "Si sisi, mwanangu. Ni kompyuta."

Jibu lilikuja haraka: "Kompyuta inajuaje kwamba nimeanza kusema?"

Wazazi waliangaliana. Ujumbe mwingine ukaingia: "Nina jambo la kuwaambia. Si la kuandika. Jumapili hii nitajaribu mara ya mwisho. Mkinifungia tena, nitaelewa, na sitawasumbua."

Siku zile zilikuwa nzito ndani ya nyumba ile. Mama alishona mkono wa gauni ndani nje, akaufumua, akaushona ndani nje tena. Baba alikaa kizingitini bila kuvua buti za kazi.

"Nimempoteza," alisema. "Mtoto mmoja niliyepewa, nimempoteza kwa ajili ya boksi la plastiki."

"Usiseme hivyo, baba Chiriku."

"Niseme nini, basi?"

Jumamosi asubuhi mama alivuka barabara, akagonga kwa jirani yao, Mama Waya. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta katika shule fulani. Hakuwa na maneno matamu, lakini alikuwa na mikono mizuri.

Mama Waya aliingia na mkoba wake. Aliona koti la pazia, akasimama.

"Haya! Nani kamfunika mgonjwa wa homa blanketi?"

"Ni kwa ajili ya vumbi," mama alijitetea.

"Shoga yangu, kikulacho ki nguoni mwako. Kompyuta ikifanya kazi inapata joto. Ina matundu ya kupumulia na feni ya kuipoza. Wewe umeiziba pua. Ifunike ikiwa imezimwa tu."

Alichomoa waya wa umeme kwanza. Kisha akaifungua. Ndani kulikuwa na vumbi na nyuzi za cherehani zilizozunguka feni kama kiota. Alizitoa polepole kwa brashi laini.

"Sasa tusikimbilie kubadili mambo yote kwa pamoja," alisema. "Tunarekebisha kitu kimoja, tunajaribu. Tukifanya kumi kwa mkupuo, hatutajua kipi kilikuwa kibaya."

Walijaribu kwa kupiga video kwenye simu ya Mama Waya. Picha ilikaa kidogo zaidi ya kawaida. Kisha ikaganda, na kivinjari kikajifunga. Baba alifunika uso kwa viganja.

"Subiri kulia, mzee wangu, bado hatujafika," alisema Mama Waya. Akafungua kivinjari tena. Juu ya kioo kulikuwa na kurasa zimejipanga, nyembamba, hazihesabiki. "Na hizi zote ni za nini?"

"Za Chiriku," mama alisema kwa sauti ya chini. "Kila Jumapili anatutumia ukurasa mpya wa kuonana. Za zamani sijafunga hata mmoja. Naona kama nitakuwa namfukuza."

Mama Waya aliacha kuchekesha.

"Sikiliza, mama. Mtoto hayumo humo. Kila ukurasa ulio wazi unakula kumbukumbu ya kompyuta, na hii ina kumbukumbu ndogo. Mkiunganisha video, kumbukumbu inaanza kujaa. Ikijaa kabisa, kivinjari kinaanguka. Kikiuliza, 'Nirudishe kurasa zote?' nyinyi mnajibu nini?"

"Ndiyo," alisema baba.

"Basi mnakibebesha mzigo uleule uliokivunja mgongo."

"Lakini kwa nini kila akianza kusema?" baba aliuliza. "Kwa nini pale pale?"

Mama Waya alifikiri. "Mnasalimiana kwa muda gani?"

Waliangaliana.

"Mpaka salamu ziishe," alisema mama.

"Ndiyo hapo. Kompyuta haijui nani anasema. Inajaa huku nyinyi mnaulizana habari za paka. Salamu zikiisha, na yenyewe imekwisha."

Mama alizifunga kurasa zile mwenyewe. Alizifunga moja moja, midomo imebana. Kisha Mama Waya akaonyesha programu ndogo zilizojishikiza kwenye kivinjari.

"Hizi nani kaziweka?"

"Mimi," alisema baba. "Palitokea tangazo. Lilisema kompyuta yako inaumwa, bonyeza hapa uitibu."

"Daktari anayepita mlangoni akikupigia kelele kwamba unaumwa, utakunywa dawa yake? Matangazo hayo ni mtego. Tunaziondoa."

Walijaribu tena. Video ilikaa muda mrefu. Mama alianza kutabasamu. Kisha kivinjari kikajifunga.

Baba alitoka nje, akarudi.

"Ile taarifa ya kusasisha programu," Mama Waya aliuliza, "ikitokea mnafanyaje?"

"Nabonyeza 'baadaye'. Usiamshe aliyelala."

"Wewe ni mpaka rangi. Ukiona ufa ukutani unaupaka rangi juu?"

"Hapana. Naziba kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Basi kusasisha ndiko kuziba ufa. Waliotengeneza programu wanarekebisha makosa yake, wanatuma. Wewe umekuwa unawafukuza." Alibonyeza, akasoma, akatikisa kichwa. "Na sasa tumechelewa. Mfumo unaoendesha kompyuta hii umezeeka. Waliouunda wameacha kuuhudumia. Kivinjari kipya kinaukataa."

"Basi imekwisha," alisema baba.

"Iko njia. Kuna mifumo miepesi, ya bure, ambayo bado inahudumiwa. Tunaweza kuweka mmoja. Lakini kila kilichomo kitafutika, kwa hiyo tunahamisha picha zenu kwanza. Na sitawadanganya, huyu ni mzee. Tunampunguzia mzigo, hatumrudishii ujana. Ningewaachia simu yangu, lakini kesho alfajiri nasafiri."

Walihamisha picha kwenye flashi. Chiriku mdogo, Chiriku na sare ya shule, Chiriku mikono juu kila picha. Mama Waya alichukua mfumo huo kutoka kwa wenyewe walioutengeneza, akauweka, akasasisha kivinjari. Kazi iliendelea mpaka jioni. Walipojaribu tena, video ilikaa. Waliiacha imewashwa wakati wanakula, ikakaa. Baba hakuamini. Alikuwa amedanganywa na matumaini mara mbili siku hiyohiyo.

Jumapili waliketi mapema. Kompyuta haikuwa na nguo. Ukurasa mmoja tu ulikuwa wazi.

Chiriku alitokea. Uso wake ulikuwa mkavu. Mama aliuliza habari mara moja tu, akaweka mikono mapajani. Chiriku alishangaa. Aliinua mikono yake, akaisimamisha hewani, akasubiri. Alikuwa anasubiri kufungiwa.

Picha haikuganda.

Chiriku alisubiri tena. Kisha uso ule mkavu ukavunjika.

"Kumbe ilikuwa kompyuta kweli," alisema kwa mikono. "Nilidhani mmenichoka."

"Sema, mwanangu," baba alijibu. "Sema yote."

Akasema. Alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho, maana alikuwa anajigonga milangoni. Macho yake yanajifunga, kutoka pembeni kuja katikati. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Tundu litazidi kuwa dogo. Daktari amesema dawa yake haipo. Hakutaka kuliandika. Alitaka kuwaambia akiwa bado anaiona mikono yao ikimjibu.

Mama alitoa sauti ambayo Chiriku hakuisikia. Baba alijaribu kusema kitu kwa mikono, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kompyuta izime. Haikuzima.

"Msilie kwanza," Chiriku alisema. "Mmekaa mbalimbali mno. Nikimwona Mama, simwoni Baba. Sogeeni."

Walivuta viti. Wakabanana, bega kwa bega, mpaka mashavu yakagusana.

Chiriku akawatazama wote wawili, muda mrefu, mikono yake imetulia.